Kiapo, Daftari na Kufuli Tatu

Shahidi akiingia kizimbani katika mahakama ya Tanzania, kabla hajaulizwa alichokiona huulizwa dini yake. Jibu lake ndilo linaloamua atashika kitabu gani. Mkristo hupewa Biblia, Mwislamu hushika Msahafu, na asiye na dini, au ambaye imani yake inamkataza kuapa, huthibitisha kwa mdomo tu. Kwa miaka mingi hati ya mashtaka nayo imekuwa ikitaja dini ya mshtakiwa, sambamba na umri, kabila na kazi yake. Hilo linashangaza kidogo, maana dola hiyohiyo inapohesabu watu wake haiwaulizi dini. Swali hilo liliulizwa kwa mara ya mwisho katika sensa ya mwaka 1967, na mpaka leo halijarudi. Serikali haitaki kujua Waislamu ni wangapi na Wakristo ni wangapi, lakini inataka kujua huyu mmoja aliyesimama mbele ya hakimu anamwogopa Mungu kwa njia ipi.

Kuna shahidi mmoja tu ambaye sheria imemlegezea kamba. Mwaka 2016 Bunge lilibadili kifungu cha 127 cha Sheria ya Ushahidi, na tangu hapo mtoto asiyezidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kuapa, mradi aahidi kwamba atasema kweli na hatasema uongo. Ahadi hiyo lazima ionekane kwenye mwenendo wa kesi. Zipo kesi nzito, za ubakaji hasa, ambazo Mahakama ya Rufani iliuweka kando ushahidi wa mtoto kwa sababu hakimu wa chini hakuandika kuwa mtoto aliahidi. Huenda mtoto aliahidi kweli, lakini kwa kuwa haikuandikwa, ahadi yake haikuhesabika.

Ndani ya chumba hicho cha mahakama limo swali zima la imani na uaminifu katika maisha ya Mtanzania. Kiapo kinamkabidhi mtu kwa Mungu wake, na kalamu ya hakimu inamkabidhi kwa binadamu wenzake. Katika mambo ya kila siku, ya fedha, biashara na uongozi, Watanzania hutumia vyote viwili. Ila mara nyingi kiapo hupewa kazi ambayo kwa hakika ni ya kalamu, na hasara nyingi kubwa za miaka ya karibuni zimepitia hapo.

Watafiti wa World Values Survey walipopita nchini mwaka 2001 waliwauliza watu swali wanaloliuliza duniani kote: je, watu wengi wanaaminika, au inabidi kuwa mwangalifu? Tanzania waliojibu kwamba watu wengi wanaaminika hawakufika hata 1 kati ya 10. Kwa nchi inayojisifia undugu, amani na ukarimu, jibu hilo linauma.

Lakini ukienda stendi ya mabasi unaona kitu kingine. Miaka yote kabla M-Pesa haijaingia Tanzania mwaka 2008, ada ya mwanafunzi ilisafiri kutoka Dar es Salaam hadi Songea au Bukoba ndani ya bahasha aliyokabidhiwa dereva wa basi. Juu ya bahasha kulikuwa na jina la mpokeaji, basi. Hakukuwa na bima wala risiti ya maana, na kwa kawaida fedha zilifika. Mpaka leo gunia la mchele, simu ya kutengenezwa na hata dawa za mgonjwa hupanda basi kwa mtindo huo. Ukimuuliza mtumaji kama anawaamini watu, atakwambia watu siku hizi hawaaminiki. Kisha anampa konda mzigo.

Hakuna unafiki hapo. Dereva hayumo katika "watu wengi". Ana njia yake na kampuni yake, na Alhamisi atarudi palepale. Mangi wa duka la mtaani naye hakopeshi kwa sababu mteja anasali. Anakopesha kwa sababu anajua mteja amepanga kwa nani, anatoka kazini saa ngapi, na mwezi uliopita alilipa tarehe gani. Ukutani ameweka tangazo kwamba mkopo umesafiri, na chini ya kaunta ana daftari la kurasa mia mbili limejaa majina: Mama Neema sukari na mafuta, Fundi Juma unga, mwalimu vocha. Tangazo linamhusu mgeni, na daftari ni la majirani.

Uaminifu wa Kitanzania, kwa hiyo, ni mnene sana kwa karibu na mwembamba sana kwa mbali. Taifa zima limejaribu kuuvuta ufike mbali kwa njia ya dhamana. Mtu anayeshikiliwa polisi hutolewa kwa wadhamini, na wadhamini huja na barua za serikali ya mtaa. Kijana anayeomba kazi ya dukani huambiwa alete wadhamini wawili. Barua ya mwenyekiti wa mtaa inasema kwamba fulani ni mkazi wake na ana tabia njema. Mjini, ukweli ni kwamba mara nyingi mwenyekiti hamjui kabisa. Anamjua mjumbe, na mjumbe anamjua mwenye nyumba. Tabia njema inathibitishwa na mtu wa tatu aliyemsikia mtu wa pili. Muhuri unagongwa hata hivyo.

Hapo ndipo dini inapopata kazi. Katika jiji la watu waliotoka kila mkoa, ambako hakuna anayemjua baba yako, kusali pamoja ni njia ya haraka ya kujulikana. Mgeni akihamia Mbagala au Buza hapati ukoo, lakini ndani ya wiki moja atapata jumuiya ndogondogo au kwaya, au msikiti wenye watu wanaoswali alfajiri mstari mmoja. Mama anayetafuta dada wa kazi huuliza kanisani. Mwenye nyumba anauliza "unasali wapi?" kabla hajauliza mshahara. Maana ya swali hilo ni kujua nani atakayeulizwa siku mpangaji akitoroka na kodi ya miezi mitatu.

Kwa upande wa uaminifu wa kila siku unaovuka mipaka ya dini, hakuna mfano mzuri kuliko bucha. Kwa miaka mingi utaratibu umekuwa kwamba nyama ya kuuzwa kwa watu wote huchinjwa na Mwislamu, ili kila mteja aweze kula. Mkristo hana shida na kisu cha Mwislamu, na Mwislamu haruhusiwi kula kibudu. Utaratibu huo ulishikwa na mazoea zaidi ya sheria. Mnunuzi hakuwepo machinjioni saa kumi na moja alfajiri. Anachokiona ni muhuri wa mkaguzi kwenye paja la ng'ombe, unaosema nyama haina ugonjwa na hausemi lolote kuhusu kisu. Yaliyobaki anamwachia muuza bucha, na huenda muuza bucha mwenyewe ni Mkristo kutoka Kanda ya Ziwa. Mamilioni ya milo ya mchana hupikwa nchini kila siku kwa kuaminiana huko, na hakuna anayekumbuka kushukuru.

Kukumbukwa kulikuja kwa damu. Mwanzoni mwa mwaka 2013 baadhi ya Wakristo wa Geita na Mwanza walianza kudai haki ya kuchinja na kuuza nyama yao wenyewe. Tarehe 11 Februari, Buseresere mkoani Geita, ugomvi wa kuchinja uligeuka vurugu na mchungaji mmoja akauawa. Serikali ilisisitiza kwamba nyama ya kuuzwa kwa umma iendelee kuchinjwa kwa utaratibu wa zamani, na viongozi wa dini waliitwa vikaoni. Dai la wale Wakristo halikuwa la kipuuzi: katika nchi ambayo Katiba yake inasema haina dini, kwa nini kazi moja iwe ya waumini wa dini moja? Hakuna aliyewajibu kwa hoja ya sheria, maana hoja ya sheria ilikuwa upande wao. Walichojibiwa ni kwamba utaratibu huu umetufikisha hapa salama. Ni jibu dhaifu mahakamani na zito sana buchani. Mazoea yakianza kutiliwa shaka, kila mteja atalazimika kuuliza, na bucha linaloulizwa maswali na kila mteja halidumu.

Fedha hazikubali mazoea peke yake, na wanawake wa Kitanzania walilijua hilo kabla ya mabenki. Mchezo, au upatu, una kijumbe. Yeye ndiye anayepita kukusanya fedha na kumkabidhi anayepokea zamu hiyo. Kila kitu kinamtegemea yeye. Kijumbe mwema anaweza kuendesha mchezo miaka kumi bila shilingi kupotea, na akifariki ghafla, au akibanwa na ugonjwa wa mtoto, mchezo unakufa naye.

Kikoba kilikuja na dawa ya udhaifu huo. Mfumo wa vikundi vya kuweka na kukopa ulianzia Niger mwaka 1991 kwa shirika la CARE, ukaenea Afrika nzima, na Tanzania ukapokelewa kama ulikuwa ukisubiriwa. Ukiingia kwenye kikao cha kikoba utasikia kwanza sala. Kama kundi limechanganyika, wiki hii anaomba Mkristo na wiki ijayo Mwislamu. Halafu sanduku linaletwa mbele. Ni la bati, limefungwa kwa kufuli tatu, na funguo zake wanazo wanachama watatu tofauti, ambao hakuna hata mmoja wao anayelala na sanduku hilo nyumbani. Kila mmoja anainuka, anafungua kufuli yake, anakaa. Mwanachama anaitwa kwa namba, ananunua hisa zake mbele ya wote, wahesabu fedha wawili wanahesabu kwa sauti, katibu anaandika. Aliyechelewa analipa faini, na ambaye simu yake imelia katikati ya kikao analipa pia. Kabla ya kufunga, kiasi kilichomo kinatajwa ili kila mtu aondoke nacho kichwani, na kikao kijacho kinaanza kwa kuulizana: tuliacha shilingi ngapi?

Watu waliomaliza kusali pamoja dakika tano zilizopita wanafunga fedha zao kwa kufuli tatu, na hakuna anayeona kama ametukanwa. Mweka hazina hawezi kusema "ina maana hamniamini?", kwa sababu utaratibu haukuwekwa kwa ajili yake. Ungekuwepo hata kama angekuwa malaika. Kufuli zinamlinda na yeye pia, maana kijumbe wa upatu anaweza kusingiziwa wizi akakosa pa kujitetea, ila mshika ufunguo mmoja kati ya funguo tatu hawezi kusingiziwa peke yake.

Makanisa ya zamani yana jambo kama hilo, ingawa waumini wengi hawalitazami kama jambo la uaminifu. Katika usharika wa Kilutheri, mzee wa kanisa akisimama kusoma matangazo hutaja waliohudhuria Jumapili iliyopita na sadaka iliyopatikana, kwa shilingi na senti zake. Nje, baada ya ibada, kuna mnada: mkungu wa ndizi, kuku aliyefungwa miguu, trei ya mayai, vyote vimetolewa sadaka na asiye na fedha taslimu. Bei inapanda kwa vicheko, anayenunua anaonekana, kinachopatikana kinaandikwa. Bibi aliyeleta kuku anajua kuku wake amekuwa shilingi ngapi. Ni vigumu kupata ofisi ya umma inayomwonyesha mlipakodi kiasi hicho cha mambo kila wiki.

Hospitali za dini zinaaminika kwa sababu inayofanana na hiyo. Bugando ya Mwanza na KCMC ya Moshi, zote zilizoanza kazi mwaka 1971, hupokea wagonjwa wa dini zote, na Mwislamu hasiti kumpeleka mama yake kwa masista. Wengi watasema ni kwa sababu masista wana huruma, na huruma ipo. Lakini mgonjwa pia amezoea kwamba huko dawa aliyoandikiwa ataipata dirishani, na bei ya kitanda ndiyo ileile iliyobandikwa mlangoni.

Upande wa pili wa sarafu unaitwa DECI.

Kampuni hiyo, ambayo kirefu chake kilizungumzia ujasiriamali na maendeleo ya jamii, ilistawi nchini kati ya mwaka 2007 na 2009. Iliongozwa na wachungaji. Mwanachama hakuambiwa "kuwekeza" wala "kucheza". Aliambiwa apande mbegu, na baada ya wiki kadhaa angevuna mara mbili au zaidi. Lugha ilitoka mimbarani moja kwa moja, kwa kuwa wahubiri wa makanisa ya kiroho walikuwa wamekwisha kuwazoesha waumini kwamba sadaka ni mbegu. Watu waliuza viwanja, walichukua mikopo ya kazini, walitoa ada za watoto. Wa kwanza walivuna kweli, wakatoa ushuhuda kanisani, na ushuhuda ukaleta wapandaji wapya, ambao fedha zao ndizo zilizowalipa wavunaji. Mbegu haikuota popote. Serikali ilipoisimamisha mwaka 2009, wapo waliolalamikia serikali kuliko DECI yenyewe. Kesi ilifunguliwa katika mahakama ya Kisutu, na mwaka 2013 viongozi wake wanne walitiwa hatiani.

Ni rahisi kusema wanachama walikuwa wajinga au wenye tamaa, na magazeti ya wakati ule hayakuacha kusema hivyo. Lakini tazama walivyoamua. Walitumia njia ileile inayomsaidia mwenye nyumba na mama anayetafuta dada wa kazi: anasali wapi, nani anamjua, nani amemshuhudia? Majibu yote yalikuwa mazuri. Tofauti ni kwamba dada wa kazi anaonekana jikoni kila siku, wakati hesabu za DECI hakuna aliyeziona hata siku moja. Hapakuwa na katibu aliyesoma kwa sauti fedha zilizoingia na zilizotoka. Na kuuliza kulikuwa na gharama ya aibu, kwa sababu mwenye kuuliza alionekana amepungukiwa na imani. Mtu anayeweza kudai risiti ya shilingi elfu mbili kwa fundi viatu alikabidhi milioni mbili kwa mtumishi wa Mungu na kuona risiti ni dharau.

Miaka miwili baada ya DECI kusimamishwa, mwaka 2011, nchi ilipata jambo lingine la imani, na lenyewe lilikwenda tofauti. Mchungaji mstaafu wa kanisa la Kilutheri, KKKT, Ambilikile Mwasapila, alianza kuwapa wagonjwa kikombe cha dawa ya mizizi katika kijiji cha Samunge, Loliondo. Magari yalipanga foleni ya kilometa nyingi porini, yakiwamo ya mawaziri na ya wageni kutoka nchi jirani, na wapo wagonjwa walioacha dawa za hospitali na kupoteza maisha. Kitabibu kikombe hakikuthibitika kuponya. Lakini Babu, kama wote walivyomwita, alishikilia bei moja kwa waziri na kwa mchunga ng'ombe: shilingi 500. Hata waliorudi bila kupona hawakumwita mwizi. Sifa yake ya uadilifu ilibaki salama kuliko sifa ya dawa yake, na alipofariki mwaka 2021 alisindikizwa kwa heshima. Uadilifu wa mtu haukufanya dawa kuwa kweli, na waliochanganya mambo hayo mawili ndio walioacha vidonge vyao.

Kwa viongozi wa nchi mambo yalianza vizuri. Azimio la Arusha la Februari 1967 liliweka masharti ya uongozi yanayoweza kupimwa na mtu yeyote: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Mwalimu Nyerere alikuwa Mkatoliki wa kwenda misa ya asubuhi, na Kanisa limekwisha kufungua mchakato wa kumtangaza mwenye heri. Hata hivyo masharti yake hayakumtaka kiongozi awe mcha Mungu. Yalimtaka asiwe na nyumba ya kupangisha, jambo ambalo jirani yake angeweza kulithibitisha kwa kuuliza wapangaji. Yalikuwa na kasoro, na wapo walioandikisha mali kwa majina ya wake na shemeji. Mwaka 1991, kwa kile kilichoitwa Azimio la Zanzibar, chama tawala kiliyalegeza.

Yaliyofuata yalikuwa ya karatasi. Benjamin Mkapa alipoingia Ikulu mwaka 1995 alitangaza mali zake hadharani, hatua iliyosifiwa sana, ingawa baadaye naye alilaumiwa kwa biashara alizofanya akiwa madarakani. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka huohuo inamtaka kiongozi atoe tamko la mali na madeni. Tamko linakwenda Sekretarieti ya Maadili, na mwananchi anayetaka kuliona hupitia masharti. Sanduku lipo, kufuli zipo, ila wenye fedha wamekaa nje ya chumba.

Mfano unaotajwa kila mara kwenye vijiwe ni wa Ali Hassan Mwinyi. Mwaka 1977 alijiuzulu uwaziri wa mambo ya ndani baada ya watuhumiwa kufia mikononi mwa vyombo vya dola huko Shinyanga, ingawa hakuna aliyesema yeye alimgusa mtu. Aliwajibika kwa yaliyofanywa na walio chini yake. Miaka minane baadaye akawa Rais. Wanaolisimulia tukio hilo humalizia kwa kusema Mzee Mwinyi alikuwa mcha Mungu, na ni kweli, lakini walikuwapo wacha Mungu wengi ofisini kabla na baada yake ambao hawakujiuzulu. Kilichokuwa tofauti mwaka 1977 ni kwamba kung'ang'ania kiti kulikuwa na bei. Linganisha na sakata la fedha zilizotolewa kwenye akaunti ya Tegeta Escrow: lilipofika bungeni Novemba 2014, waliotajwa kupokea fedha walikuwamo wanasiasa, majaji na viongozi wa dini, na maelezo yaliyosikika upande wa dini ni kwamba ulikuwa msaada wa muumini kwa kanisa lake. Huenda. Lakini usharikani kwa bibi mwenye kuku, msaada huo ungesomwa kwenye matangazo.

Kenya jirani walijaribu kuandika tabia ndani ya Katiba yenyewe. Sura ya Sita ya Katiba ya 2010 inahusu uongozi na maadili, na iliandikwa na watu waliochoshwa. Makanisa, wakati huohuo, yaliendelea kupokea wanasiasa wanaokuja Jumapili na mifuko ya fedha za harambee bila kuuliza zimetoka wapi. Novemba 2024 mambo yalibadilika kidogo. Maaskofu Wakatoliki walitoa tamko kali kuhusu uongo na ahadi hewa za serikali, na siku chache baadaye Rais William Ruto alipotoa mamilioni katika parokia moja ya Nairobi, Askofu Mkuu Philip Anyolo alizikataa fedha hizo. Wakenya wengi walifurahi. Wengine waliuliza kwa nini ilichukua miaka yote hiyo, na swali lao lina haki ya kujibiwa, hasa baada ya Shakahola. Katika msitu huo wa Kilifi, tangu Aprili 2023, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri mmoja ambaye sasa anajibu mashtaka mahakamani.

Nchini Tanzania, ugonjwa wa corona uliuliza upya swali la kiapo na kalamu. Aprili 2020 serikali ilitangaza siku tatu za maombi ya kitaifa, na nyumba za ibada hazikufungwa. Wiki chache baadaye takwimu zilikoma kutolewa zikiwa zimefika wagonjwa 509. Mtu angeweza kuunga mkono maombi na bado akataka takwimu. Maaskofu Wakatoliki walithibitisha hivyo Januari 2021 walipowaonya waumini wao kuhusu wimbi jipya huku wakiendelea kuwaongoza kusali.

Siku hizi mgeni haji tena mlangoni, anakuja kwenye simu. Kila Mtanzania mwenye laini amewahi kupokea ujumbe unaosema ile hela itume kwenye namba hii. Laini zote zimesajiliwa kwa alama za vidole tangu mwaka 2020, na wizi haujaisha. Wakopeshaji wa mtandaoni nao wamevumbua mdhamini mpya: orodha ya majina kwenye simu ya mkopaji. Ukichelewa kulipa, wanamwandikia bosi wako, mchungaji wako na mama mkwe wako kwamba wewe ni tapeli. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Aibu mbele ya watu unaowajua, iliyokuwa nguvu ya mangi na ya kikoba, imechukuliwa na mtu asiyejulikana na kugeuzwa silaha.

Aliyeibiwa akikosa polisi wa kumsaidia hurudi kwenye njia za zamani. Pwani wanasema watamsomea mwizi halbadiri, na hata asiye Mwislamu humwendea shehe kwa ajili hiyo. Mara nyingi tangazo tu linatosha, televisheni inakutwa uani asubuhi. Utafiti wa Pew wa mwaka 2010 ulikuta watu 93 kati ya 100 Tanzania wanaamini uchawi, kwa hiyo hofu hiyo ina wateja. Lakini halbadiri inamhitaji mwizi anayeisikia. Aliye mkoa mwingine na laini yenye jina la mtu mwingine hasikii kitu.

Vikoba vyenyewe vimeanza kuingia kwenye simu. M-Koba, iliyoanzishwa mwaka 2019, inaweka mfuko wa kikundi ndani ya simu, na fedha zikiingia au zikitoka ujumbe unakwenda kwa wanachama. Kazi ya kuhesabu kwa sauti imepata mrithi. Kupokea mwanachama mpya bado kunafanyika kwa mtindo wa kale: mwenyekiti anauliza nani anamfahamu huyu, mmoja anainua mkono, na jina la aliyeinua mkono linaandikwa pembeni ya jina la mgeni, kwa sababu mgeni akitoroka na mkopo, yeye ndiye atakayedaiwa.